Kizingiti cha Koki

Mtaani wananiita Mzee Chumvi, na jina sikulikataa. Miaka yote niliyofunga mabomba, sikutoka nyumbani kwa mtu bila kumwachia vitu viwili: maji yanayotoka, na hadithi ambayo mwenye akili timamu hawezi kuiamini. Nyingi zilikuwa za mbwa wangu, Koki na Spana. Koki alisikia bomba linavuja hata likiwa mitaa mitatu mbali. Akilaza sikio chini, nachimba hapohapo. Idara ya maji ilitaka kumwajiri yeye na kunistaafisha mimi. Spana naye alimkamata mwizi, akamburuta hadi jikoni, na alipoona jinsi alivyokonda, akamsukumia bakuli lake la chakula.

Bakuli lilikuwepo. Mwizi tumwache.

Spana alikufa kwa uzee, figo zilimgomea. Koki akajilaza kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, pale alipolala maisha yake yote, akakataa chakula, na kabla mvua hazijakatika akamfuata mwenzake. Niliwazika nyuma ya tangi la maji, nikaosha jembe, nikaingia ndani, na tangu hapo makalio yangu hayakupatana na kiti chochote.

Nilikaza mabomba yasiyovuja mpaka mke wangu akawa hawezi kunawa mikono bila koleo. Nikahamisha kabati, nikalirudisha, nikalihamisha tena. Nikitumwa kiberiti dukani, narudi na sabuni. Nikikaa kula, mguu unapapasa chini ya meza ukitafuta mgongo wa mbwa wake. Na kila nikipita mlango wa jikoni nanyanyua mguu juu, nimruke Koki ambaye hayupo. Siku moja nilimwona mke wangu naye anaruka, sufuria ya moto mkononi. Tukatazamana.

Jirani yetu, fundi cherehani, ndiye aliyeng'amua kwanza.

"Mzee Chumvi! Habari za leo? Tupe moja ya kuamshia."

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Goti linauma kidogo."

Akaiacha suruali ya watu kwenye cherehani, akakimbia kwa mke wangu kumwambia naumwa.

"Mzee," mke wangu akaniambia jioni ile, "tangu mbwa wafe hujaniongopea hata mara moja."

"Si ndicho ulichokuwa unaomba?"

"Niliomba upunguze. Sikuomba uzime."

Kesho yake akarudi na beseni kichwani, limefunikwa kanga, na kanga inatembea. Ndani watoto wawili wa mbwa wa fundi cherehani: mmoja mweusi, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa, mwingine mnene, huoni shingo inaanzia wapi.

"Siwataki," nikasema.

"Sijakuuliza bado. Mdogo wangu anatafuta mbwa wa kulinda bucha lake. Ijumaa atapita awachukue. Mimi nataka wabaki, lakini sitalea mbwa kwenye nyumba ambayo baba anawapa kisogo. Ukitaka wabaki, una mdomo, sema."

Nikawapa kisogo wiki nzima. Kumbe kisogo changu wanakipenda. Nikizunguka, wanazunguka. Nikihamisha kabati, wananifuata kama wapagazi. Yule mnene akala futi yangu ya kupimia, ile ya kitambaa, akabakiza kipande cha bati tu. Nikatoroka hadi nyuma ya tangi, nikakuta wamenitangulia, mnene anachuchumaa juu ya udongo wa Spana. Mkono ukainuka kumfukuza, ukashuka wenyewe. "Samahani," nikawaambia wale wa chini ya udongo. Maana hilo ndilo lililokuwa linanikimbiza chumba hadi chumba: nikiwapenda hawa, wale watabaki na nani?

Ijumaa ikafika na mimi sijasema.

Shemeji aliingia na minyororo miwili begani, inalia kama mikebe. "Shemeji! Kumbe bado upo? Nimekuja kuchukua askari wangu. Watakula mifupa mpaka waombe likizo."

Mke wangu alikuwa anaosha sahani. Aliiosha, akaisuuza, akaianza upya, bila kunitazama.

"Wako jikoni," nikasema. "Ngoja nikuletee."

Nikainuka. Mlangoni nikanyanyua mguu juu, kama kawaida yangu, na ukiwa hewani nikaangalia chini. Yule mweusi alikuwa amejinyoosha kwenye kizingiti, mahali pa Koki, sikio lile lililokata tamaa limelala sakafuni. Ningetembea kama watu wazima wanavyotembea, ningemvunja mbavu. Nikashika fremu ya mlango. Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi.

"Vipi, shemeji? Umegeuka korongo?"

"Nyamaza! Yuko kazini."

"Nani?"

"Huyu. Anasikiliza bomba." Sauti ilinitoka kooni kama maji baada ya mgao: kwanza hewa, kisha kutu, halafu yakaja. "Tangu jana anasema kuna linalovuja chini ya bucha lako. Ukimfunga mnyororo nani atakuonyesha pa kuchimba? Sakafu itazama na ng'ombe mzima kwenye ndoano, na wewe umening'inia mkiani."

Sahani ikanyamaza.

"Basi nipe yule mnene," shemeji akasema, mdomo umeanza kumcheza.

"Yule? Yule amekula futi ya kupimia, muulize dada yako. Tangu siku hiyo akibweka anataja vipimo. Mpeleke buchani, shemeji, na mizani yako ile. Mteja wa kwanza tu, atakuumbua."

Shemeji alicheka mpaka minyororo ikaanguka. Mke wangu akaiweka sahani chini, akajifuta macho kwa kiwiko. "Jamani," akasema, "amepona."

Mimi nilikuwa bado kwa mguu mmoja. Yule mnene naye alikuwa amekuja kulala ubavuni mwa mwenzake, kizingiti chote kimejaa.

"Acha kucheka, shemeji," nikamwambia. "Nishike mkono nivuke."