Borga Harudi na Kitu

Shemeji yangu Boadi hajawahi kumkatalia mtu yeyote anayemwita borga. Mkewe akimwomba atoe takataka, mgongo unamuuma. Mtoto wake akimwomba amsaidie hesabu za shule, ana zamu kazini. Lakini mtu akipiga simu kutoka Kumasi, kwetu Ghana, na kusema, "Borga, habari za huko?" mgongo unapona hapohapo na zamu inasogezwa mbele.

Borga ndilo jina letu la mtu aliyekwenda ng'ambo akarudi nyumbani na masanduku. Wengi wetu hapa Worcester, Marekani, tunaitana hivyo kwa mzaha. Boadi hana mzaha nalo. Simu ya Kumasi ikiingia huiweka kwenye spika, hata akiwa dukani kwangu katikati ya wateja wanaochagua viazi vikuu, ili sote tusikie anavyoitwa. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala la matairi. Ni kazi halali, na mimi mwenyewe nilianza kwa kusafisha vyoo vya watu. Ila kule kwetu amewaambia kwamba ghala ni lake.

Mjomba wake alipofariki, akatangaza kwamba anakwenda kumzika pamoja na familia nzima, maana borga hatokei peke yake msibani. Familia nzima ni mke wake Pokuaa, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na Dufie, binti yao wa pekee. Dufie ana miaka tisa. Amezaliwa hapahapa kwenye theluji, na mbu anaowajua ni wale wa bustanini wa mwezi wa saba, wanaokuwasha tu na kwenda zao. Sina mtoto mwingine wa kumpenda zaidi ya huyo, nalisema wazi. Kwa hiyo nilimwambia Boadi kitu kimoja: kabla ya kukata tiketi, nendeni kliniki ya wasafiri mkachukue dawa ya kuzuia malaria.

Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Shem, mimi ni mzaliwa wa Kumasi. Mbu wa kule wananijua."

"Mbu hajui ukoo wa mtu, Boadi. Umekaa kwenye baridi miaka kumi na minane, mwili ulishasahau zamani. Na huyu mtoto mwili wake haujawahi hata kujua."

"Damu ni damu. Dufie ana damu yangu."

"Hilo ndilo linalonitia hofu," nikamwambia.

Niliwapeleka mwenyewe, kwa gari langu, kwa sababu nilijua wasingekwenda. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye subira, na subira aliihitaji. Aliuliza nani ana matatizo ya figo, nani anameza dawa nyingine, akampima Dufie uzito kwa kuwa kipimo cha mtoto hufuata kilo zake. Akaeleza polepole: mnaanza siku moja au mbili kabla ya safari, mnameza kila siku saa ileile pamoja na chakula au maziwa, na mkisharudi Marekani mnaendelea wiki nzima zaidi.

"Hapo kwenye kurudi ndipo watu wengi wanapoharibu," alisema. "Vijidudu hujificha kwanza kwenye ini. Mbu anaweza kukuuma siku unayoondoka, ukarudi nyumbani mzima, ukaacha dawa, halafu ndiyo wakatoka."

Boadi alikuwa anachezea simu. Aliinua kichwa. "Sasa nikishapanda ndege, huyo mbu atanifuata na tiketi yake?"

Muuguzi akatabasamu kwa adabu ya kazi. Mimi sikutabasamu. Dufie aliuliza, "Kwa hiyo hata tukiwa tumerudi shuleni nameza?" Muuguzi akasema, "Hasa ukiwa umerudi shuleni." Mtoto akaitikia kwa kichwa, na ndiye pekee katika familia ile aliyekuwa amesikiliza.

Wakaenda. Mimi nilibaki na duka, na msiba niliuona kwenye simu kama watu wengine. Boadi katikati ya picha, kitambaa cheusi kimeteremka begani, mikono imetanda kana kwamba marehemu ni yeye. Nyuma yake, kila mahali, binamu yake Agyei, aliyekuwa akiwaendesha mjini, anapunga mkono. Nilipompigia Pokuaa kuuliza habari za dawa, alishusha sauti.

"Mimi na Dufie tunameza, dada. Boadi ameacha."

"Ameacha kwa nini?"

"Alizimeza asubuhi tumbo tupu, akatapika mbele ya wazee. Akasema dawa hizi ni sumu ya wazungu."

"Si aliambiwa ale kwanza?"

"Aliambiwa."

Nilikata simu nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Lakini moyoni nilitulia. Boadi akitaka kuugua, augue kwa heshima zake zote. Mradi mtoto anameza.

Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege Boston. Masanduku yalikwenda yamejaa mpaka zipu zinalia, yakarudi mepesi kiasi kwamba Dufie alikuwa akisukuma mawili peke yake. Hiyo ni desturi yetu na sina ugomvi nayo. Ukiondoka nyumbani unaacha viatu, unaacha mafuta ya kujipaka, unaacha mashati, unaacha hata mswaki kama kuna anayeutaka. Boadi alikuwa amevaa kandambili kwenye baridi ya mwezi wa kwanza.

"Viatu viko wapi?" nikamuuliza.

"Shem, borga harudi na kitu." Alijaa fahari mpaka akasahau kutetemeka.

Ndani ya gari nikauliza, "Na dawa? Mnaendelea nazo?"

Nilimwona Dufie kwenye kioo akimtazama baba yake. Pokuaa akageukia dirishani.

"Zimeisha," alisema Boadi. "Tumemaliza zote, kama yule mama alivyotaka."

"Zimeishaje, na ile wiki ya kurudi?"

"Walitupa zile za kutosha, tumezimaliza. Pokuaa, si kweli?"

"Ndiyo, dada," akasema mdogo wangu, akiwa bado anatazama theluji.

Mimi ninayempima mteja kwa namna anavyobonyeza nyanya, niliridhika na jibu hilo, nikadhani labda kliniki ina hesabu yake. Mtu mwenye aibu hutazama dirishani, nilipaswa kuliona. Lakini nani angefikiri?

Wiki ya pili baada ya kurudi, shule ilimpigia Pokuaa simu. Dufie alikuwa amelala juu ya dawati akitetemeka. Boadi akasema ni mafua, nusu ya darasa ina mafua, mpe dawa ya homa na supu ya pilipili. Homa ikashuka. Boadi akazunguka nyumba akituambia, "Mnaona?" Kesho yake ikapanda tena, na supu yote ikarudi. Nilipofika kwao mchana, mtoto alikuwa na macho ya njano na ananiita mama mkubwa kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Nilimfunga blanketi nikambeba. Boadi akafuata nyuma akisema hospitali watatucheka.

Daktari alikuwa msichana mrefu aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto wanaokohoa. Alimgusa Dufie tumbo, akauliza, "Amesafiri hivi karibuni?"

"Ghana," nikasema kabla Boadi hajafungua mdomo.

"Alimeza dawa ya kuzuia malaria?"

Hapo Boadi akasogea mbele, akakaza shati. "Alimeza, daktari. Kabla, na kule, na tuliporudi. Mpaka kidonge cha mwisho. Sisi si watu wa kijijini."

"Mpaka mwisho? Una hakika?"

"Nina hakika kabisa."

Nikamtazama Pokuaa. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, lakini mumewe alikuwa amemshika kiwiko. Daktari akaandika. "Basi hilo linapunguza uwezekano. Tutapima damu hata hivyo, lakini tuanze na mafua, na itabidi msubiri zamu yenu." Akaelekea mlangoni. Mtoto alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, na mimi nilijua kuna kitu hakijasemwa ila sikujua ni kipi.

Simu ya Boadi ikalia.

Mtu mwingine angeizima. Mtoto wako amelala pale anatetemeka, unaizima. Boadi alisoma jina, na sijui kama hata alifikiri. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye spika, kama kinavyokwenda siku zote.

"Borga!" Ilikuwa sauti ya Agyei, na furaha yote ya Kumasi nyuma yake. "Borga mkubwa, mwenye ghala lako!"

"Agyei, niko na—"

"Ngoja nikushukuru kwanza, kaka. Zile dawa ulizoniachia uwanja wa ndege zimeniokoa. Juzi homa ilinikamata, nikameza zako, nikameza za shemeji, na vile vidogo vya mtoto nikavitafuna vyote kwa mpigo. Nimelala siku nzima kizunguzungu, ila nimeamka. Sasa watu wananisumbua, kila mtu anazitaka. Tuma nyingine, borga."

Alisema yote hayo kwa Kitwi, lugha yetu ya Kumasi, harakaharaka. Boadi akakata simu. Daktari alikuwa bado ameshika mlango.

"Ni nani huyo? Kuna tatizo?"

"Ndugu tu," Boadi akasema kwa Kiingereza chake kizuri. "Wanamwombea mtoto apone."

Nilimgeukia daktari nimwambie kila neno. Kabla sijaanza ikasikika sauti kutoka kitandani, ndogo, kwa Kiingereza cha hapahapa Worcester.

"Hajasema hivyo. Amesema asante kwa dawa zangu."

Boadi amekuwa akiwaambia watu miaka yote kwamba binti yake haelewi Kitwi, mtoto wa Marekani, tufanyeje. Hakuwahi kumuuliza. Yeye mwenyewe kaweka spika kila siku ya maisha yake, na mtoto amekaa chini ya meza akisikia.

"Dawa zako?" daktari akarudi kitandani.

"Baba alimpa mjomba Agyei tulipokuwa tunaondoka. Nilimwambia bado tunazihitaji. Nilimwambia muuguzi alisema." Akapumzika kidogo. "Akasema nisimwaibishe mbele ya watu."

Daktari alitoka mbio, na ndani ya muda mfupi kitanda kilikuwa kinasukumwa, damu imechukuliwa, watu wanne wanaongea kwa wakati mmoja. Ilikuwa malaria, ile mbaya, na imeshaingia sana. Walimpeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Tuliambiwa kwamba kama tungekaa kungoja zamu ya mafua, labda tusingekuwa na wa kumngojea.

Pokuaa alilia begani kwangu akisema, "Alinikataza, dada, alinikataza." Nilimshika, ni mdogo wangu. Lakini nilimwambia ukweli: kukatazwa si kufungwa mdomo kwa kamba. Walimpima damu yeye na mumewe. Wote wazima. Mbu wa Kumasi kweli walimjua Boadi; walimruka wakaenda kwa mtoto.

Boadi alikaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na huyu wetu alisifiwa mpaka akatia maji damu ya mwanawe. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine. Lakini nitakuwa mwongo nikisema maneno yangu yalimchoma. Ameshazoea dharau yangu, ni kama baridi ya hapa: analalamika kidogo kisha anavaa koti.

Dufie alifumbua macho vizuri siku ya tatu, akaomba maji, kisha akaomba kenke, ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki, na hapo nikajua amerudi. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alileta kichupa kidogo cha dawa za kumalizia nyumbani. Akarudia yaleyale: pamoja na chakula, saa ileile, mpaka kiishe, hata akijisikia mzima. Dufie alisikiliza kama alivyosikiliza mara ya kwanza.

Boadi alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amenunua viatu vipya na puto lenye maandishi ya kumpongeza mgonjwa. Akainama kitandani kwa upole, upole wa kweli kabisa, sitamnyima huo, akanyoosha mkono kuchukua kichupa.

"Lete nikuwekee mfukoni, mama. Kisipotee."

Dufie alikivuta kifuani akakifunika kwa mikono yote miwili. Hakuwa na hasira. Alimweleza tu, kwa Kitwi safi, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Hapana, Baba. Wewe ni borga."

Simu ya Boadi ilianza kulia mfukoni. Ililia mpaka ikakatika, na hakuigusa.