Makuti ya Kheri

Gari la kwanza alilolikataa Nadhira lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililomuudhi Mercy. Jeusi, linang'aa, viti vya ngozi, ndani limetiwa manukato. Mercy, mwenye yadi ya magari pale Ukunda, mtu wa bara asiyejua kunyamaza, alikuwa amelifuta kwa mkono wake asubuhi ile.

"Madam, hii imetoka kwa meli juzi tu. Karavani yako si ni ndogo? Hii itaivuta bila stress."

Nadhira alipiga magoti mchangani na buibui lake, akachungulia uvunguni. Kulabu ya kuvutia ilikuwa imefungwa kwenye bampa. Kwenye bampa, jamani! Akainuka, akajipangusa magoti.

"Hili la kwendea harusini," akasema. "Mimi nataka lenye chesi, uti wa mgongo wa chuma."

Msidhani alikuwa anajifanya fundi. Magari aliyajulia barabarani. Miaka yote aliyokuwa mke wa Kheri walikuwa wakiikodisha karavani ile kwa watalii, nyumba nzima juu ya magurudumu, kitanda ndani na jiko ndani, wakiivuta hadi Shimba Hills na kurudi. Gari likichemsha katikati ya mlima wa Kwale, nani aliyekwenda kuomba maji? Nadhira. Breki zikilegea, nani aliyetia jiwe nyuma ya gurudumu? Nadhira huyo huyo. Kheri alikaa kwenye usukani akitukana.

Na karavani yenyewe ilikuwa ya Nadhira. Bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Galu alimwachia aliporudi kwao, kwa kuwa Nadhira alimuuguza kama mamake. Diani nzima ilijua hilo.

Hayo hayakumzuia Kheri kumfukuza. Tena si kumfukuza kwa siri. Alimtoa mchana, mbele ya wageni, akiwa miguu mitupu.

"Nipe dakika nivae viatu," Nadhira alimwomba.

"Utavaa huko mbele!" Kheri akamjibu, akafunga geti.

Nadhira alitembea juu ya changarawe ya moto hadi barabarani, watu wakimtazama, wengine wakijifanya hawamwoni. Miguu ilipona baadaye. Moyo je? Thubutu!

Wazee walipokaa kuwaamua, mzee Mwinyihaji alitoa neno: karavani ni ya mwanamke, lakini imo kiwanjani mwa mwanamume, basi aiondoe kabla ya Idi. Idi ikiikuta pale, ni ya Kheri. Wote wawili wakakubali, na Kheri akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ataivuta na punda?" akauliza. Gari la nyumbani lilikuwa limebaki kwake. Kisha akawazungukia wenye magari wote anaowajua, kutoka Diani hadi Msambweni, akiwaambia kwamba atakayemsaidia mwanamke yule asimjue tena. Nao wakaogopa. Kila aliyepigiwa simu na Nadhira alikuwa na msiba, au safari, au gari bovu.

Hapo Kheri angetulia, pengine angepona. Lakini si mtu wa kutulia. Alikuwa anajenga mkahawa wa makuti, aufungue siku ya Idi, na kwa kuwa alikwisha kujihesabia karavani ni yake, akaigeuza jiko. Upande mmoja wa paa aliuegemeza juu yake, boriti akazifunga kwa kamba kwenye vyuma vya juu ya karavani. Upande huo hakusimamisha hata nguzo moja. Nguzo za nini, na karavani ipo?

Nadhira alipita siku moja, akaona. Akasimama, akazihesabu kamba moja moja. Angeweza kwenda kwa wazee akashitaki. Wangemwamuru Kheri afungue kamba zake, naye angefungua, na mambo yangekwisha salama. Nadhira hakutaka yaishe salama. Alitaka Kheri asimame kiwanjani mwake mbele za watu, asijue pa kuyaweka macho yake, kama alivyomfanyia yeye. Akageuka, akaenda Ukunda kutafuta gari.

"Kwani unavuta karavani peke yake ama kuna kitu ingine?" Mercy alimuuliza, alipokwisha kulikataa gari la pili na la tatu.

"Karavani na vikorokoro vyake."

Nyuma kabisa ya yadi palikuwa na Landkruza kuukuu ya dizeli, rangi imebabuka kwa jua, kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Nadhira akaingia uvunguni tena. Safari hii alikawia. Chesi nzima, haikuchomelewa popote. Kulabu imeshika kwenye chesi yenyewe.

"Hiyo inavuja mafuta kidogo, sitakuficha," Mercy akasema.

"Ahsante kwa kunambia. Lipakie saruji, twende Kwale."

Wakalipakia mifuko hadi springi zikalala, wakapita Matuga, wakaanza kupanda. Katikati ya mlima, pale pale alipokuwa akiomba maji zamani, Nadhira akasimamisha gari, akazima. Mercy akashika dashibodi kwa mikono miwili. Nadhira akaliwasha, akatia gia, akaachia breki polepole. Halikurudi nyuma hata chembe. Likanguruma, likapanda na mzigo wake, na mshale wa joto haukucheza.

"Haya," Nadhira akasema. "Hili ndilo lenyewe."

Mkufu wa mahari ndio uliotangulia kwa sonara, bangili zikafuata. Alizitoa kwa raha. Ilimpendeza kwamba Kheri mwenyewe ndiye anayelinunua gari lile.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, asubuhi, aliingia kiwanjani amepunguza upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga. Mzee Mwinyihaji alikuwa amekaa kando, amekuja kushuhudia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Kheri alitoka akicheka, simu mkononi, anarekodi. "Waungwana, tazameni, punda amefika!"

Nadhira aliifunga karavani kwenye kulabu, akazunguka mkahawa mzima akipiga kelele watu watoke. Wapishi wakatoka. Akachungulia tena mwenyewe, hapakuwa na mtu. Hapo ndipo mzee Mwinyihaji alipoinua macho akaziona kamba.

"Kheri, umeegemeza paa kwenye mali ya mtu?"

"Kesho si yangu, mzee?"

"Kesho haijafika," mzee akasema kwa hasira. "Mwanangu, chukua mali yako."

Nadhira akatia gia nzito. Kamba zikakazika, boriti zikalia. Kicheko cha Kheri kikakatika. Sasa ndipo alipoelewa. Akakimbilia dirishani, simu bado inarekodi.

"Nadhira! Ngoja! Nipe dakika nifungue kamba!"

Nadhira alimtazama usoni. Alikuwa ameingoja dakika hiyo, wallahi, na ilikuwa tamu kuliko futari.

"Utafungua huko mbele!"

Akakanyaga mafuta. Landkruza ikachimba, ikashika, ikatoka, karavani nyuma yake, na paa lote likaja chini kwa kishindo na vumbi hadi barabarani. Wapishi walishika vichwa, kisha mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Kheri alisimama na simu yake, hajui aizime au aendelee.

Nadhira hakusimama. Alipita akielekea kusini na boriti mbili na rundo la makuti vikiburutwa nyuma, bodaboda wakimpisha na kumpigia honi, hadi Msambweni kwa mamake. Bi mkubwa akatoka ukumbini, akalitazama gari, akaitazama karavani, akayatazama yale mengine.

"Na haya makuti ya nani?"

"Ya Kheri."

"Hutamrudishia?"

Nadhira alishuka, akavua viatu vyake, akaviweka mlangoni taratibu.

"Akiyataka aje ayachukue, mama. Ila aje miguu mitupu."