Kisaa cha Mayai cha Verna

Masikio ya kaka yangu Arvid yalipoziba kabisa, mdomo nao ukafuata. Alichoka kuona watu wakikunja sura kila alipojibu lisiloulizwa. Jumapili binti yake Marlys alipopiga simu kutoka Oregon, Arvid alitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Ndipo Marlys akatuma kompyuta yake ya zamani, ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kifaa chenye vikombe viwili vya mpira vya kulazia mkonga wa simu. Unapiga namba ya huduma ya kuunganisha kompyuta, unaandika hapa Nebraska, naye anasoma kule papo hapo. Ila muda wote huo unalipia. Akaweka na vipeperushi vya huduma tatu, cha bluu, chekundu na cha kijani. Mama achague, naye Marlys atajiunga na hiyohiyo kule Oregon.

Verna, mke wa kaka, alikuwa na dola kumi na tano kwa mwezi, pesa ya mayai. Mahindi mwaka ule hayakuwa na bei, na kukopa Arvid hataki kusikia. Huduma isipotosha humo, kompyuta ingerudi ilikotoka na kaka angebaki na ububu wake.

Mimi nimeuza nafaka maisha yangu yote, kwa hiyo nikampa ushauri kabla hajauomba.

"Chukua ya bluu, shemeji. Dola tano kwa saa. Hawa wa kijani wanataka sita na nusu, wamerogwa?"

"Na namba ya bluu iko wapi, Emil?"

"Omaha."

"Haya, kampuni ya simu nayo itataka chake kwa kila dakika. Ya kijani ina namba hapa Kearney. Ni kama kumpigia simu daktari wa ng'ombe hapo mjini, haituongezei hata senti."

Nikarukia nyekundu, dola nne tu. Akakigeuza kipeperushi, akanionyesha maandishi madogo kama chawa: kila mwezi unatozwa dola kumi hata usipoigusa. Nikasema basi angalau alipie ile laini ya kasi, bei mara mbili lakini maneno yanapita haraka.

"Arvid anaandika kwa kidole kimoja," alisema. "Hiyo kasi ampe nani?"

Nilimvulia kofia, na nikamwambia hivyo. Akaniambia nimsogezee sukari. Hesabu yake ilikuwa imeshakwisha: ya kijani, laini ya polepole, nusu saa kila Jumapili baada ya saa kumi na mbili jioni bei inaposhuka.

Jumapili ya kwanza Arvid alikaa kwa shingo upande. Kwenye kioo yakatokea maneno: Baba, upo? Aliyatazama mpaka nikadhani amelala. Halafu kile kidole kikashuka: Nipo. Mvua huko vipi? Jibu lilipokuja alicheka kwa sauti, na sisi tulikuwa tumeshasahau anavyocheka.

Verna alitega kisaa chake cha kuchemshia mayai. Kikilia, Arvid hasikii, kwa hiyo alimgusa bega, naye aliacha hapohapo, hata katikati ya neno. Alijua pesa ile imetoka wapi. Lakini wiki nzima mezani alikuwa anatusimulia habari za Oregon, mpaka chakula kinapoa. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Machi Marlys aliandika: Mimba imeharibika, baba. Sijui niseme nini.

Arvid akaanza kuandika, polepole mno, herufi moja moja, nami nikasoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Kabla yako alikuwepo mtoto mwingine. Wa kiume. Hakufika siku mbili. Mama yako alimpa jina la Nils. Sijawahi kumtaja mbele yake. Niliogopa.

Mimi mwenyewe, ndugu wa tumbo moja, sikuwa nalijua jina hilo.

Kisaa kikalia. Nikamtazama shemeji, mwanamke aliyezigeuza huduma tatu ndani nje kutafuta senti zilikojificha. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuelekea bega la mumewe. Akaurudisha, akakichukua kile kisaa kikilia bado, akakitia kwenye droo chini ya taulo za vyombo, akaifunga. Kisha akavuta kiti, akaketi nyuma ya Arvid, akasoma.