Mtoto Hawekwi Chini

Walisema ni mwanamke wa kawaida, mnene kidogo, mwenye kilemba cha kijani. Anaingia kwenye sherehe za ubatizo bila kualikwa, anasaidia kuosha vyombo, anamsifia mtoto, kisha anaomba ambebe kidogo tu mama apate kula. Mama akimaliza sahani, mtoto hayupo. Habari hiyo niliipata kazini, kwenye meza ya pasi ya kiwanda cha sare za shule, kutoka kwa mwenzangu tuliyemwita Mama Kola kwa sababu alishona kola asubuhi hadi jioni. Hakuwahi kumwona huyo mwanamke. Aliyemwambia naye hakuwahi kumwona. Lakini maneno yale yaliniingia kama ncha ya sindano iliyovunjikia kwenye kitambaa: huioni, ila kila ukipapasa inakuchoma.

Binti yangu alikuwa na miezi mitatu, na Jumapili ile tulikuwa tunampeleka kubatizwa kijijini kwa wakwe zangu.

Imepita miaka tisa. Mimi niliishia darasa la saba, na sijazoea kuandika zaidi ya orodha ya vitu vya dukani. Naandika kwa sababu wiki iliyopita msichana mmoja wa pale kiwandani aliniambia anampeleka mwanawe ubatizo na hana wasiwasi wowote, maana watakaokuwepo wote ni ndugu. Niliweka pasi chini, na usiku ule nikatafuta daftari.

Safari ilichukua saa tatu. Njia nzima nilimkumbatia mtoto hadi mikono ikafa ganzi.

"Utamvunja mbavu," mume wangu alisema. "Hajaota mabawa huyo."

Nikamsimulia habari za mwenye kilemba. Akacheka. "Mwizi wako akimsikia huyu anavyolia, atamrudisha mwenyewe, na sabuni ya kufulia juu!"

Nikacheka pia. Lakini kanisani, padri alipommwagia maji, nilikuwa nahesabu vilemba.

Nyumba ya wakwe ina vyumba vinne na ukumbi mrefu wa giza. Wageni walikaa uani, viti vya kuazima, meza zenye vitambaa vyeupe. Ukoo ule una neno lao moja: siku ya ubatizo mtoto hawekwi chini. Anatoka mkono huu kwenda mkono ule hadi jua lizame. Mama mkwe alilisema kwa majivuno. "Wanangu wanane wote, hakuna aliyegusa kitanda siku hiyo. Godoro la mtoto ni watu."

Akapokezwa huyu, akapokezwa yule, hadi zamu ikamfikia shangazi wa mume wangu. Huyo hakujaliwa kuzaa. Miaka arobaini alishona magodoro kwa ile sindano ndefu kama mshikaki, na viganja vyake vilikuwa vimechoka. Hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa shali mpya. Alimpokea binti yangu kama mtu anayepokea maji yaliyojaa pomoni.

Wifi yangu, ambaye nyumbani wanamwita Redio, hakuweza kujizuia. "Shangazi, shika vizuri! Huyo si godoro, akichanika hashonwi!"

Uani kote wakaangua kicheko. Shangazi naye alicheka, nyuma ya wenzake.

Nikaitwa nile. Nilipoketi ndipo nikamwona: mwanamke mnene kidogo, anapanga sahani chafu, na kichwani kilemba cha kijani.

"Wifi, yule nani?"

"Simjui. Si wa kwenu?"

"Hapana."

"Basi atakuwa wa kanisani," alisema Redio, akaendelea kula.

Chakula kilinigeukia mchanga mdomoni. Nataka mwenye kusoma aelewe hapa, maana hapa ndipo nilipokosea. Tangu dakika ile sikumtazama mtoto wangu tena. Nilimtazama yule mwanamke. Akienda jikoni, nilimfuata na kikombe cha uongo mkononi. Akirudi, nilirudi. Nilijisifu moyoni: macho yangu yako kazini.

Mvua ilikuja bila kubisha hodi. Watu wakainuka pamoja, viti vikabebwa, makoti yakavuliwa yakiwa yanachuruzika, watoto wakapiga kelele. Nilipopangusa uso, kilemba hakikuwepo.

Nikamkuta shangazi ukumbini, amesimama na kiti. Mikono yake haikuwa na mtoto.

"Shangazi, mtoto yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa ubavuni mwangu. "Umemweka chini?"

"Sijamweka." Alitazama sakafu. "Nimempokeza yule mama wa kilemba."

Sijui nilipiga ukelele gani. Nakumbuka matope, na kiatu kimoja kubaki humo. Mwanamke alikuwa mbele barabarani, anatembea mbio, ameinamia kifurushi cha nailoni alichokikumbatia kifuani. Nilipaza sauti: mwizi! Nyuma yangu neno hilo likapokelewa na wanaume wasiojua ameiba nini. Nikamfikia, nikamvuta kilemba hadi kikachanika. Shemeji yangu alikuwa tayari na jiwe mkononi.

Kifurushi kikaanguka. Vitambaa vya meza. Vya kanisa. Yeye ndiye mfagizi mpya wa kanisa, ndiye aliyeviazimisha, na alikuwa anavikimbiza visilowe.

Aliokota kitambaa kimoja, akasema kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mimi sijamshika mtoto leo. Nimemwona yule bibi anaingia naye chumba cha mwisho. Rudini, mama. Anzeni kitandani."

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa, na juu yake kila kitu wageni walichovua mvua ilipoanza: makoti, masweta, mikoba, miavuli, rundo la kufika kiunoni. Shangazi alikuwa ametangulia. Amepiga magoti, anarusha makoti nyuma yake kwa viganja vile visivyoweza kikombe.

Tukachimba. Chini ya koti zito la mwanamume kulikuwa na shali mpya, na chini ya shali alikuwepo binti yangu, rangi ya jivu, nywele zimegandana kwa jasho. Nilimnyanyua, shingo ikalegea nyuma. Nilimwita kwa jina ambalo asubuhi hakuwa nalo. Hakuitika.

Mfagizi alifika kichwa wazi, matone yakimdondoka usoni. Akanyoosha mikono.

Nami nilimpa.

Alimlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akapitisha kidole mdomoni, akamsugua mgongo kwa nguvu ambayo mimi mama nisingethubutu. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikatoka sauti ndogo, kama mlango uliokosa mafuta. Kisha kilio.

"Mikono iliisha nguvu," shangazi alisema, bado amepiga magoti. "Nikasema nimlaze kidogo, nikae naye. Wakaniita viti vinalowa."

"Kwa nini hukusema?" mume wangu alimfokea.

"Mngecheka."

Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema, "Dakika chache zaidi na..." Hakumalizia. Leo binti yupo darasa la tatu, anakimbia kuliko wavulana. Mwanamke wa kwenye uvumi hajaonekana popote hadi leo.

Dada yangu unayekwenda ubatizo, haya yaepuke:

Usile umetazama lango. Mtazame mtoto.

Usikubali jibu la "nimempokeza". Uliza nani, nenda ukamwone.

Usiweke koti kitandani kwa watu, hata kama mvua inakunyeshea. Usiruhusu na mwingine aweke.

Usifuate neno la ukoo linalomkataza mtu kusema amechoka.

Usimcheke aliyembeba mwanao.

Usimwite mtu mwizi kabla hujamuuliza anaitwa nani.

Na baada ya yote, yule aliyekosea, usimnyime mtoto. Keti karibu naye, weka mkono wako chini ya mkono wake, lakini mpe. Mimi nilimnyima shangazi miaka minane. Kila tulipokwenda alikaa pembeni, viganja amevikalia, akimsalimu binti yangu kwa mbali. Mwaka jana tulimzika.