Mstari Mfupi

…na bado anacheka vilevile, Omolo, kichwa nyuma, jino la pembeni halipo, alivyokuwa akicheka tukiwa kidato cha nne, utadhani si yeye anayepanda basi la Siaya kesho asubuhi na mkewe na vitanda na kila kitu, ndiyo maana Jecinta ametukusanya hapa kwake Mbotela baada ya kanisa, sisi wanne wa darasa moja, tumuage, mwaka mzima ametafuta kazi Nairobi hii hadi soli zikaisha, na ananitazama mimi, ananiegemea, "Mnamkumbuka yule msimamizi wa kiwanda cha soda?" anasema, jamani, asiisimulie hiyo, yoyote ila hiyo, lakini ameshaanza, likizo ya sabini na moja, mimi na yeye tukiosha chupa, dawa ikitubabua vidole, "kreti ikaniponyoka, chupa zote chini, yule mzee akaniambia toka, usirudi, basi huyu Nahashon," ananipiga begani, "huyu alikuwa kule kwa mabomba, hakuguswa na mtu, akavua aproni akaitupa, akasema, Omolo akitoka na mimi natoka, tukarudi Makadara kwa miguu, tumelowa kama kuku!" wanacheka, nami nacheka, sikuwa nimefikiria lolote siku ile, miguu ilienda yenyewe, nilikuwa na miaka kumi na minane, yule kijana alienda wapi, alipotelea wapi… Jecinta anasema yeye alibandika lebo kwenye mikebe ya rangi mpaka akaota lebo, Wanyoike alibeba viazi sokoni Gikomba, sasa ana duka lake na tumbo lake, na Wanyoike hawezi kukaa bila siasa, huyo anajipangusa mdomo, "Lakini tuseme ukweli, kura ya mlolongo ni nzuri, mchana kweupe, unasimama nyuma ya mtu wako, unahesabiwa, nani ataiba?" na Jecinta, "Unahesabiwa, na mkubwa wako wa kazi anakuona, si ndivyo walivyommaliza Omolo? Na upunguze sauti, Wanyoike, dirisha liko wazi," Omolo anavunja mkate… mwaka jana, Februari, uwanja wa shule, tulikuwa tumekubaliana mimi na yeye tangu wiki iliyotangulia, tutasimama na yule mwalimu aliyegombea ubunge, liwe liwalo, dada yake ameinua picha ya mwalimu kwa mikono miwili, mstari wetu mfupi, aibu, watu wangeweza kutuhesabu kwa macho tu, ule mwingine, wa mtu wa wakubwa, umezunguka uwanja hadi kwenye lango, nami niko nyuma ya Omolo, naona jasho kwenye kola yake, halafu nikamwona mkubwa wetu wa ofisi kando ya ua, ana penseli, anaandika, nikafikiria watoto, nikafikiria nyumba, hapana, uongo, sikufikiria, miguu ilienda yenyewe, nilijikuta kwenye ule mrefu, watu wakanipa nafasi, mmoja akaniambia karibu, na Omolo akageuka kunisemesha, akakuta uwazi, akanitafuta, macho yetu yakakutana, akainua mkono aniite, alidhani nimepotea njia, kisha akaelewa, mkono ukabaki juu, hakujua aupeleke wapi, akajikuna kichwa, akatazama mbele… wiki mbili baadaye akapewa barua ya kufutwa kazi, nami nikapewa meza yake, kitana chake kilikuwa kwenye droo, bado kipo, sijakigusa… "Ngoja," Wanyoike anasema, "Nahashon, si mlikuwa pamoja siku hiyo? Mbona wewe hawakukufukuza?" na Jecinta amesimama na birika, sema, sema sasa, ni maneno matatu tu, nilikuacha, ndugu yangu, na Omolo hanitazami, anasema, taratibu kabisa, mdomo umejaa mkate, "Alikuwa nyuma yangu mpaka mwisho. Mimi ni mrefu, bwana, yule mkubwa angemwonaje? Nilimkinga," na Wanyoike anaangua kicheko, anapiga meza, kumbe urefu una hasara, kumbe… amenidanganyia, mbele ya wote, amekaa nao mwaka mzima ule mkono wake uliobaki hewani na hakumwambia mtu, hata mkewe nadhani, mkewe alinisalimia kwa mikono miwili leo kanisani, nami nimekuwa nikijiambia hakuniona vizuri, jua lilikuwa kali, watu walikuwa wengi, nimelala nayo hiyo kama blanketi, na leo ameniondolea kwa kunifunika, heri angenitemea mate, heri angesema hapa, huyu, huyu ndiye, ningelia tukamaliza… "Kweli, Nahashon?" Jecinta ananiuliza, si kwa ubaya, anatabasamu, anataka tu tucheke zaidi, mlango uko wazi kabisa, ningeweza kutoka kwenye mstari huu mrefu sasa hivi, hatua chache tu, Omolo ameacha kutafuna, anangoja, naona shingo yake, anangoja na hataki nione anangoja, nami nasikia sauti yangu ikisema, "Kweli," na anameza, anashusha macho, na Wanyoike anauliza basi lenyewe linaondoka saa ngapi.