Kava ya Mkanda

Murugi aliposikia gari ya serikali ikizima nje, aliacha kufagia. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu mkanda ya hiyo mashini ya mchele hapo Kagio ikate mfanyakazi mwenzake, Gathogo, vidole tatu, na Murugi ndio huiwasha kila asubuhi.

"Mama Shiku, umekumbuka?" Kinuthia, mwenye mashini, akamnong'onezea. "Kava ilitolewa na Gathogo. Wewe haukuona. Ukisema ingine, wa kwanza kufungwa ni wewe, juu mkono ilishika spana ni yako."

Hapo Kinuthia hakudanganya. Kava, ile chuma ya kufunika mkanda, aliifungua Murugi. Mkanda ilikuwa imezeeka, inateleza, na Kinuthia hataki kununua ingine. Dawa yake watu wa mashini wanaijua: unaimwagia soda, inanata, kazi inaendelea. Lakini ikiwa na kava utamwagia wapi? "Toa hiyo kitu," Kinuthia akasema, na Murugi akatoa.

Inspekta wa usalama wa kazi alikuwa mama mfupi, buti nzito, anaitwa Wachuka. Akainama, akagusa mkanda, akanusa kidole.

"Nani hunywa soda hapa?"

Wapakiaji wawili wakacheka, alafu wakameza kicheko.

"Ni watoto, madam," Kinuthia akasema. "Si unajua watoto."

"Kumbe watoto pia huingia hapa. Wacha niandike hiyo."

Akageukia Murugi. "Mama, nani alitoa kava?"

Murugi akapiga hesabu. Akiitaja jina ya Gathogo, huyo mtu atashtakiwa akiwa bado na bandeji. Akisema ukweli, ni yeye.

"Ni mimi," akasema, akaonyesha Kinuthia kwa kidole. "Huyu ndio aliniambia nitoe, tumwage soda."

"Mama Shiku," Kinuthia akasema polepole, "kwani nimekukosea nini?"

Wachuka aliandika tu. Akamuuliza namba ya kitambulisho, Murugi akakosea mara mbili.

"Mimi ndio nitashtakiwa, madam?"

"Sisi tunashtaki mwenye mashini. Wewe utakuja kortini useme vile umesema."

"Na yeye akiwa hapo?"

"Akiwa hapo."

Karatasi ya kufunga mashini ikabandikwa kwa swichi. Kinuthia hakuiangalia. Alikuwa amesimama kwa mlango, simu kwa sikio, anaongea Kikuyu chini chini, anataja Mama Shiku na mahali analala, macho kwa Murugi.

Gari ya Wachuka ikawaka. Murugi akaacha kibeti, akaacha sweta, akakimbia akashika mlango.

"Madam, nibebe. Popote unaenda, nibebe tu."