Kiwanja cha Kisimani

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1974, viwanja vya kijiji kipya vilipogawiwa. Melkizedeki, mgane, alikuwa juu ya paa la tembe la kanisa akikandika udongo. Marehemu mkewe Theodora alimzoeza hivyo: ufalme wa Mungu kwanza.

Aliposhuka, kiwanja cha kisimani, alichokuwa akikitegemea, kilikwisha kuchukuliwa na Filipo, kaka wa marehemu.

"Asiyekuwepo hana lake," mwenyekiti wa kijiji alisema, akamwonyesha kiwanja kilichobaki kule kwenye mawe.

Kesho yake ibadani Filipo alimnong'oneza, "Paa zuri, shemeji. Wewe mkono ulikuwa kwenye tope, mimi wangu niliunyoosha kwa mwenyekiti."

Melkizedeki alipiga magoti, akaomba kwa wivu. "Bwana, nimetanguliza yako. Mbona yangu umempa Filipo?"